Kupunguza Picha Kubwa kwa Ajili ya Tovuti na Barua Pepe

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye pikseli (nukta ndogo za rangi zinazoiunda picha) 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani pikseli milioni 12, na faili lake huwa na megabaiti tatu hadi sita kutegemea kilichopigwa. Skrini nyingi za kompyuta za ofisini zina upana wa pikseli 1,920 tu, na ukurasa wa tovuti kwa kawaida haumpi mwenye picha upana huo wote. Kwa hiyo anayeiweka picha mtandaoni kama ilivyotoka kwenye kamera humlipisha mgeni wake bando kwa ajili ya pikseli ambazo hatazipata machoni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizitunza tovuti za nyumba ndogo za wageni, za wachongaji na za vikundi vya ngoma hapa Bagamoyo, na kazi inayorudi mikononi mwangu kuliko nyingine zote ni hii ya kupunguza picha. Haihitaji programu ya kununua wala kompyuta yenye nguvu, ila inahitaji mtu ajue anapunguza nini.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayowashawishi wenye tovuti upesi kuliko maneno. Picha ya megabaiti tano ni sawa na megabiti 40, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Mgeni aliye kwenye mtandao unaopitisha megabiti mbili kwa sekunde ataisubiri kwa sekunde 20, na kama ukurasa una picha kumi za namna hiyo, atasubiri zaidi ya dakika tatu, jambo ambalo hakuna anayetafuta chumba cha kulala atakubali kulifanya. Picha hizohizo kumi zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa wote hufika kwa muda wa sekunde nane hivi. Tofauti hiyo hupatikana bila mtazamaji kuona upungufu wowote.

Jambo la msingi ambalo wengi hawalitenganishi ni kwamba picha ina vipimo na ina uzito, na kila kimoja hupunguzwa kwa njia yake. Vipimo ni idadi ya pikseli kwa upana na kimo. Uzito ni kilobaiti au megabaiti ambazo faili linachukua. Ni kama kanga: ukiikunja vizuri inaingia kwenye mfuko mdogo, lakini ukiikunjua ina upana uleule, na anayetaka kipande kidogo hana budi kuikata. Kubana picha bila kugusa vipimo vyake ni kukunja tu. Faili la pikseli milioni 12 linaweza kubanwa hadi kilobaiti 800 likapita kwenye mtandao kwa urahisi, lakini likifika kwenye simu ya mgeni, kivinjari hulikunjua tena lote ili kulionyesha, na kila pikseli huhitaji baiti nne za kumbukumbu, jumla yake takriban megabaiti 48 kwa picha moja. Ukurasa wenye picha kumi za aina hiyo hukwamakwama kwenye simu za bei nafuu hata pale ambapo mtandao ni mzuri. Picha ya pikseli 1,600 kwa 1,200 huhitaji chini ya megabaiti nane tu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kutaja zana yoyote, ni kupunguza vipimo kwanza na kubana baadaye.

Upunguze hadi wapi? Nimezoea kutumia upana wa pikseli 1,600 kwa picha inayotawala ukurasa mzima, takriban 1,000 kwa picha iliyo katikati ya maandishi, na 400 hadi 500 kwa zile ndogo zinazopangwa pamoja ili mgeni achague ya kufungua. Picha za kusimama nazipima kwa kimo chake, la sivyo hujikuta zikiwa kubwa kupita wenzake. Hizi si sheria. Zimetokana na ukweli kwamba skrini za simu za sasa zina pikseli nyingi zilizosongamana, kwa hiyo picha inayoonekana kama ya upana wa 400 huwa safi zaidi ikiwa na 800. Inafaa pia kukumbuka kwamba ukipunguza upana na kimo kwa nusu, idadi ya pikseli hubaki robo, si nusu, na kwa sababu hiyo hatua ndogo ya vipimo huleta nafuu kubwa ya uzito.

Kuna namba moja ambayo naomba isimhangaishe mtu, nayo ni ile ya pikseli kwa inchi. Nimeshaletewa maagizo yanayosema picha ya tovuti lazima iwe 72 na ya kuchapisha iwe 300. Kwenye skrini namba hiyo haibadilishi kitu: picha ya pikseli 1,600 huonekana ileile na ina uzito uleule, iwe imeandikwa 72 au 300. Ina maana kwenye karatasi tu, na nitaigusa tena tutakapofika huko.

Ubanaji wenyewe unahitaji jicho zaidi kuliko hesabu. Aina ya faili inayotumika zaidi kwa picha za kamera ni JPEG, ambayo huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli nane kwa nane na kutupa, ndani ya kila mraba, mambo madogomadogo ambayo jicho halitarajiwi kuyaona. Zana nyingi humpa mtumiaji kipimo cha ubora cha kutoka 0 hadi 100. Kati ya 75 na 82 ndipo ninapofanyia kazi zangu nyingi. Juu ya 90 uzito hupanda haraka bila faida inayoonekana, na chini ya 60 ile miraba huanza kujitokeza.

Hata hivyo, picha hazibaniki sawasawa, na hapa kwetu tofauti hiyo huonekana wazi. Piga mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, au ukuta wa mawe ya matumbawe kule kwenye magofu ya Kaole, au paa la makuti, kisha piga bahari tupu wakati wa utulivu. Picha hizo zikiwa na vipimo sawa na ubora sawa, zile za mwanzo zinaweza kuwa na uzito wa mara mbili au tatu ya ile ya bahari, kwa kuwa kila mraba wake umejaa mistari na vivuli. Mzee mmoja mchongaji aliwahi kuitazama picha ya kazi yake kwenye tovuti aliyotengenezewa na kijana mwingine, akaniuliza: "Mwanangu, mbona mikato ya patasi haionekani?" Kijana alikuwa amelazimisha kila picha iwe chini ya kilobaiti 100, na nakshi ndiyo iliyolipa gharama hiyo. Kwa picha za namna hiyo ni afadhali kupunguza vipimo kidogo zaidi na kuacha ubora ukae kwenye 80 au 85, maana picha ndogo iliyo safi humfaa mchongaji kuliko kubwa iliyofifia.

Mbingu nazo zina taabu yake. Ufuo wetu unaelekea mashariki, kwa hiyo picha ya macheo ndiyo karibu kila nyumba ya wageni huitaka iwe ya kwanza kwenye ukurasa. Rangi ya anga la alfajiri hubadilika polepole kutoka chungwa hadi samawati, na ubora ukishushwa mno, mabadiliko hayo hukatika yakawa matabaka yenye kingo. Faili litakuwa jepesi sana, mtu atafurahi, kisha atashangaa kwa nini anga linaonekana limepasuka. Picha hizi lazima zitazamwe kwa ukubwa wake kamili kabla ya kuzipandisha, na zitazamwe kwenye skrini yenye mwanga wa kutosha.

Mabango ya maonyesho ya ngoma na tamthilia, ambayo katika mji wenye taasisi ya sanaa kama TaSUBa hayaishi, ni kundi jingine kabisa. Yana maandishi, nembo na maeneo mapana ya rangi moja. JPEG huyachafua maandishi kwa kuyazungushia ukungu, na herufi nyekundu juu ya rangi nyeusi ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu aina hii ya faili kwa kawaida huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko inavyohifadhi mwanga na giza. Bango lililotengenezwa kwenye kompyuta lihifadhiwe kama PNG, aina ya faili inayobana bila kutupa chochote. Lakini usihifadhi picha ya kamera kama PNG kwa kudhani kwamba unaiheshimu. Itakuwa nzito mara kadhaa bila sababu.

WebP, aina ya faili iliyoletwa na Google mwaka 2010, huifanya kazi ya JPEG kwa uzito mdogo zaidi na sasa inafunguka kwenye vivinjari vyote vikubwa. Naitumia kwenye tovuti. Kwenye barua pepe bado natuma JPEG, kwani mpokeaji anaweza kuwa na programu ya zamani isiyoitambua WebP, na hutakuwepo kumsaidia.

Sasa zana. Ninayoipendekeza kwanza ni Squoosh, inayopatikana kwenye anwani ya squoosh.app, iliyotolewa mwaka 2018 na wahandisi wa kivinjari cha Chrome. Haidai usajili, haina matangazo, na sababu yangu kubwa ya kuipenda ni kwamba kazi yote hufanyika ndani ya kivinjari chako: picha haipandishwi kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine iliyo mtandaoni. Ukishaifungua mara moja, inaweza kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Unaiburutia picha katikati ya ukurasa, nayo inakuonyesha picha hiyo ikiwa imegawanywa na mstari wa wima, upande mmoja ukiwa picha ya asili na wa pili picha mpya. Kwenye jedwali la upande wa picha mpya washa penye neno Resize, andika upana unaoutaka, na kimo kitajirekebisha chenyewe ili watu wasinenepe wala kurefuka. Chini yake chagua MozJPEG, inayotoa faili la JPEG, au WebP na usogeze kipimo cha ubora huku ukiuvuta ule mstari wa katikati kushoto na kulia juu ya sehemu ngumu ya picha, iwe uso wa mtu, nakshi au anga. Uzito mpya huandikwa chini pamoja na asilimia iliyopungua. Hakuna njia bora ya kulifundisha jicho kuliko dakika chache za kuuvuta mstari huo.

Upungufu wake ni kwamba inashughulikia picha moja kwa wakati mmoja. Mwenye picha 40 za harusi iliyofanyika ufukweni hataivumilia. Hapo ndipo zinapofaa tovuti kama iLoveIMG, inayopokea picha nyingi kwa pamoja na kuzipunguza zote kwa upana mmoja au kwa asilimia moja, na TinyPNG, yenye picha ya panda, ambayo hubana JPEG, PNG na WebP kwa akili sana. Ile TinyPNG usiitegemee kwa vipimo: ukiiachia picha ya upana wa 4,000 kwenye ukurasa wake wa mwanzo, itakurudishia picha nyepesi yenye upana uleule wa 4,000. Anayetaka kukata kingo, kunyoosha upeo wa bahari uliopinda au kuandika jina juu ya picha atapata karibu kila kitu kwenye Photopea, ambayo sura yake inafanana na Photoshop na ambayo pia hufanya kazi ndani ya kivinjari.

Tofauti kati ya zana zinazofanya kazi ndani ya kivinjari na zile za kwenye seva si ya kitaalamu tu; ni ya mfukoni. Kuzipeleka picha 20 za megabaiti tano kwenye seva ni kutumia megabaiti 100 za bando kabla hujapunguza chochote, na kwa kuwa kasi ya kupandisha mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kushusha, kazi ya dakika chache huweza kula mchana mzima. Kwa picha chache natumia Squoosh. Kwa nyingi natafuta mahali penye mtandao usiopimwa kwa megabaiti, kisha naziachia zote kwa mkupuo.

Utaratibu wa kazi nao una mpangilio wake. Kwanza kata kingo zisizohitajika, kwa maana hakuna haja ya kubeba mita tatu za mchanga mtupu. Kisha punguza vipimo. Kisha, kama zana inaruhusu, inoe picha kidogo, kwa kuwa kupunguza hulegeza mistari. Mwisho kabisa ndipo ubane. Kila unapolifungua faili la JPEG na kulihifadhi upya, hasara mpya huongezwa juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo kila toleo litokane na picha ya asili, si na toleo lililopunguzwa wiki iliyopita. Picha ya asili ikae kwenye folda yake na isiguswe, na matoleo yapewe majina yanayosema jambo, kama mlango-wa-nakshi-1600.jpg, bila nafasi kati ya maneno, badala ya mfuatano wa tarakimu ulioachwa na kamera. Picha ndogo haikui tena kuwa kubwa. Zana zinazoahidi kuikuza hubuni pikseli, na nakshi iliyobuniwa na mashine si ile aliyoichonga fundi.

Wanaotumia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, hunijibu kwamba mfumo wao unapunguza wenyewe. Ni kweli kwamba tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2,560 kwa upana au kimo hutengenezewa toleo dogo litakalotumika kwenye kurasa. Lakini faili la asili hubaki kwenye seva likila nafasi unayoilipia, na bando la kulipandisha umeshalitumia. Wengine huivuta kona ya picha ndani ya ukurasa hadi ionekane ndogo, wakaamini wamemaliza, ilhali kilichobadilika ni namna inavyoonyeshwa tu na mgeni bado anashushiwa faili zima.

Kwenye barua pepe kuna kikomo ambacho lazima kijulikane. Gmail inaruhusu viambatisho vya megabaiti 25 kwa ujumbe mmoja, na mifumo mingi ya ofisi huruhusu pungufu ya hapo. Isitoshe, viambatisho hugeuzwa kuwa herufi ili viweze kusafiri, na mgeuzo huo huongeza uzito kwa takriban theluthi moja: picha za megabaiti 15 hufika kwenye seva ya mpokeaji zikiwa kama megabaiti 20, na kama kikomo cha seva hiyo ni kidogo kuliko hapo, ujumbe hurudishwa huku mtumaji akiapa kwamba hakuzidisha. Kama lengo ni mgeni aone chumba au mteja aone kinyago, upana wa pikseli 1,200 hadi 1,600 unatosha, na picha sita zitaingia kwenye megabaiti mbili. Mfikirie anayefungua barua hiyo kwa simu akiwa safarini.

Mpokeaji akiwa mchapishaji, mambo hugeuka. Kwenye karatasi ile namba ya 300 kwa inchi ina maana: picha ya kujaza ukurasa wa A4 inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, na hata picha ya upana wa sentimita 15 inahitaji karibu pikseli 1,800. Usimpunguzie kitu. Mtumie picha ya asili kupitia kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, kama vile Google Drive, na kwenye barua yenyewe weka nakala ndogo ili aone ni picha gani.

WhatsApp nayo imeshakuwa njia ya kila mtu ya kuletewa picha, nami huzipokea hivyo kila siku. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida huwa imeshapunguzwa vipimo na kubanwa, na chaguo la ubora wa juu lililoongezwa mwaka 2023 nalo bado hubana. Nawaomba wateja wangu wanitumie picha kama waraka, si kama picha, ndipo faili hufika kama lilivyo. Wenye iPhone wana jambo la ziada: tangu mwaka 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo vivinjari vingi havifungui. Kwenye mipangilio ya kamera kuna chaguo la kurudi kwenye JPEG.

Mwisho nizungumzie usiri, kwa sababu picha hubeba zaidi ya kinachoonekana. Ndani ya faili la kamera huweza kuwamo tarehe, aina ya simu na hata mahali hasa picha ilipopigwa. Picha ya mtoto akicheza uani, ikipandishwa na taarifa hizo, inaweza kumwonyesha mtu asiyejulikana nyumba ilipo. Squoosh huziondoa taarifa hizo inapotengeneza faili jipya, na hilo ni jema, ingawa mpiga picha wa kazi ajue kwamba jina lake la hakimiliki lililohifadhiwa humo nalo huondoka. Hati kama kitambulisho cha taifa, pasipoti au cheti, ambazo mara nyingi watu huambiwa wazipunguze hadi kilobaiti kadhaa kabla ya kuziambatisha kwenye maombi, sizipeleki kamwe kwenye tovuti inayozipokea kwenye seva yake, hata kama imeahidi kuzifuta. Nazipunguza ndani ya kivinjari tu, na kwa kuwa zina maandishi, naacha upana wa pikseli 1,200 au zaidi ili namba zisomeke.

Anayefanyia kazi hiyo kwenye kompyuta ya steshenari aongeze tahadhari moja: baada ya kutuma, afute picha ya asili na iliyopunguzwa kutoka kwenye folda ya vilivyopakuliwa, aondoe na vilivyomo kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha atoke kwenye akaunti yake ya barua pepe kabla hajalipa na kuinuka.